Ufa wa Kona ya TV Uliotaka Kuvunja Familia Yetu

Haya jamani, mmeiona ile video? Kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni, wenye kujua mmeshajua, wiki iliyopita alitupia video akituzungusha ndani ya mjengo wake mpya. Sofa kali, taa za bluu zinazunguka dari, ukuta wa TV umechongwa kwa jipsamu mpaka raha. Watu wangesifia kidogo, wangeona wivu kidogo, maisha yangeendelea. Shida ni kwamba kamera ilipita kwenye kona, pale ukuta wa TV unapokutana na ukuta wa kawaida, na pale konani kuna ufa umeshuka toka darini mpaka karibu na swichi. Kwisha habari. Komenti zote zikahamia kwenye ufa. Nyumba ya mkopo hiyo. Fundi alilipwa kwa maneno. Mwingine kaandika eti aliyemjengea keshamuacha ndiyo maana hata ukuta unalia. Aisee, watu mna midomo.

Mimi nilishindwa kucheka, maana ufa wa aina ile naujua kuanzia juu mpaka chini. Umekaa nyumbani kwetu miaka minne na umetugombanisha kuliko shamba, kuliko hela ya mbege, kuliko hata ndoa ya dada yetu ambayo nayo ilikuwa na mambo yake (siku nyingine).

Kwetu ni Kibosho, ukitoka Moshi mjini unapanda kuelekea mlimani. Nyumba ni ya tofali za saruji, mzee aliijenga miaka ya 90 kidogo kidogo, hela ya kahawa ikipatikana tofali zinaongezeka. Mzee akafariki 2019. Mwaka uliofuata bro mkubwa, yeye yuko Dar na kazi yake nzuri, akasema mama hawezi kuendelea kukaa kwenye nyumba ya kizamani. Likashushwa bati la zamani likapanda la rangi. Dari ya mbao ikang'olewa, ikaja ya jipsamu yenye mikanda na maua. Sebule ilikuwa kubwa mno, ikakatwa kwa patisheni ya jipsamu ili mama apate chumba karibu na choo asihangaike usiku. Na upande wa sebuleni wa hiyo patisheni ndiyo ukatengenezwa ukuta wa TV, na boksi lake, na shelfu zake, na taa zake. Majirani walikuwa wanakuja kuangalia kama wako makumbusho. Mama alikuwa anawakaribisha chai halafu anawasha taa hata kama ni saa sita mchana.

Desemba 2020 tulipanda wote. Si mnajua Wachaga na Desemba, mtu hata kama anauza duka la mtu mwingine Tunduma lazima aonekane nyumbani. Ukuta ulikuwa unang'aa. Picha zilipigwa pale mpaka ukuta ukachoka.

Februari 2021 mama akapiga simu: "Baba, ukuta wako umefunguka."

Kamstari kembamba, unyoya. Kona mbili kwa mpigo. Ya kwanza pale patisheni ya jipsamu inapogusa ukuta wa tofali, ya pili pale juu patisheni inapokutana na dari. Mwezi wa tatu ulikuwa sio unyoya tena. Tukamwambia bro, akasema subirini Desemba ataita fundi apige puti na rangi ili wageni wakute pako safi. Desemba akatuma laki tatu, fundi akaja, akajaza puti, akapiga msasa, akapaka rangi sebule nzima. Krismasi safi. Februari ufa huo hapo, palepale, kama una funguo. Desemba 2022, laki tatu, puti, rangi. Februari 2023, ufa. Desemba 2023, laki tatu, na safari hii fundi mwingine aliyesema wa kwanza alikuwa muhuni, yeye atachanganya puti na saruji nyeupe iwe ngumu, haipasuki hiyo. Februari 2024 ilipasuka, na ilipopasuka ikameguka na vipande vikadondoka nyuma ya TV.

Mwezi wa tatu mwaka huo bro akaandika kwenye grupu la familia: "Laki tisa kwenye kona moja. Kuna watu wanakula hapo."

Sasa hapo inabidi niwaelezeni kitu wale ambao sio watu wa huku. Kimila kwetu, kihamba na nyumba ya wazazi huwa inaangukia kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Mtoto wa mwisho wa kiume ni mimi. Na anayesimamia fundi ni mama, hela inaingia kwenye simu ya mama. Kwa hiyo hao "watu" aliosema ni watu wawili na grupu zima lilijua ni akina nani. Shangazi mmoja akaweka kile kikatuni cha kushika mdomo. Binamu mmoja akaandika "dah". Mama aliisoma, ana WhatsApp yake na anaijua vizuri, hakujibu kitu. Tangu siku hiyo simu za bro akawa hapokei. Akipiga, simu inaita juu ya meza mama anaendelea kuchambua maharage. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Bro akaacha kupiga. Shemeji akawa ananipigia mimi kuuliza "mama yuko sawa?" kwa sauti ya chini.

Majirani nao walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema mzee hajafurahi dari yake kung'olewa. Mwingine akasema ni matetemeko, mlima huu haujafa umelala tu, akakumbusha 2007 matetemeko yalipopiga kule karibu na Ziwa Natron mpaka Nairobi wakakimbia maghorofani. Ni kweli yalitokea hayo, ila tetemeko linalokuja kila Februari na kuchagua kona moja ya sebule ya mama yangu lingekuwa tetemeko lenye chuki binafsi.

Wasiwasi wangu mimi ulikuwa msingi. Nilishawahi kuona nyumba ya mshkaji, kapanga kule tambarare upande wa Mabogini, kwenye udongo mweusi ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kwake nyufa zimekatiza tofali zenyewe, zimelala kimshazari toka kwenye kona ya dirisha, mlango wa chumbani haufungi mpaka uunyanyue kwa goti. Nikawaza je, kama na kwetu ni hivyo, nyumba inakaa chini, na mama analala humo?

Nikaulizia fundi. Fundi wa vijana wenye ngazi za aluminiamu na kurasa za Instagram nilishawachoka. Mtu wa stoo moja ya vifaa pale mjini akanielekeza kwa mzee mmoja anakaa Majengo, fundi seremala wa zamani aliyehamia kwenye jipsamu uzeeni. Nikamwamkia, akaitika, nikaanza kumuonyesha picha kwenye simu. Hakuangalia picha. Akaniuliza, "Mangi, huo ufa unafunguka mwezi gani?"

Hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kutuuliza hilo. Nikamwambia Februari. Akauliza mnaziba lini, nikamwambia Desemba. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia nenda kaupime kwanza, ukimaliza ndiyo uje, mimi sipandi huko kuja kuchungulia rangi.

Namna ya kupima alinifundisha na ni rahisi, hata wewe unaweza kesho. Unachukua penseli, unaweka kistari pale ufa unapoishia juu na pale unapoishia chini, unaandika tarehe pembeni. Halafu unachukua kadi za benki. Kadi moja ina unene wa karibu milimita 0.8. Unajaribu kuingiza kwenye ufa pale palipo pana zaidi: inaingia moja? Mbili? Tatu? Unaandika. Kila mwisho wa mwezi unarudia palepale. Basi nikawa napanda na daladala kila mwisho wa mwezi na kadi zangu tatu, mbili hazina hela.

Mwisho wa Machi zilikuwa zinaingia tatu zikiwa zimebanana. Halafu masika yakaja, na ile masika ya 2024 mnaikumbuka, ndiyo iliyoleta mafuriko Moshi mwezi wa nne. Mwisho wa Mei ikaingia kadi moja kwa kubembeleza. Ufa ulijifunga! Mama akasema tumeombewa. Julai na ukungu wake bado moja. Agosti mbili. Oktoba, kabla vuli haijachanganya, mbili na nusu kama kuna kitu kama nusu kadi. Na vile vistari vya penseli, juu na chini, havikusogea. Ufa haukuongezeka urefu hata kidogo.

Nikampelekea mzee karatasi yangu. Akaiangalia kama daktari na majibu ya maabara. Akasema, nyumba yenu haizami. Ufa wa nyumba inayozama kwa kawaida unakwenda mbele tu, na ule wa udongo mweusi, hata kama unafunga mvua zikinyesha na kufunguka jua likiwaka, mara nyingi unakata tofali zenyewe, huu wenu umekaa konani kwenye jipsamu na urefu haujasogea. Kinachotembea hapo ni mbao.

Mambo yenyewe yako hivi, na hapa nitaenda polepole kwa sababu ndipo laki tisa zetu zilipofia. Bodi ya jipsamu yenyewe ni mtu mtulivu. Ni jasi, lile jiwe jeupe laini ambalo hata mkoani kwetu linachimbwa, Makanya kule wilaya ya Same. Ukilichoma maji yaliyo ndani yake yanatoka linakuwa unga, ukiuchanganya unga na maji linarudi kuwa jiwe. Likiwekwa katikati ya karatasi mbili ngumu, hiyo ndiyo bodi. Haitanuki sana, haisinyai sana. Ila haisimami yenyewe, inapigiliwa skrubu kwenye fremu, na fremu yetu ilikuwa ya mbao. Mwaka 2020 kila mtu alikuwa na haraka, mbao zililetwa mbichi. Mbao ikikauka urefu wake haubadiliki sana, ila upana unapungua, mbao ya sentimita 10 ikiwa mbichi inaweza kupoteza milimita kadhaa. Na hata ikishakauka haitulii moja kwa moja. Mvua zikija inanyonya unyevu inavimba kidogo, kiangazi inasinyaa tena. Na sisi kule juu mvua yetu sio mvua ya mjini. Miteremko ya kusini ya mlima inaweza kupata zaidi ya mara mbili ya mvua inayoangukia Moshi mjini, halafu Januari na Februari jua linakausha kila kitu. Kwa hiyo fremu inapumua. Ukuta wa tofali wa mzee umesimama toka miaka ya 90, haupumui na mtu. Hawa wawili wanakutana wapi? Konani.

Juu darini ni yaleyale na zaidi. Patisheni ilikuwa imefungwa kwa misumari mpaka kwenye kenchi za paa. Bati jipya likipigwa jua mchana linatanuka, usiku baridi ya Kibosho inashuka linajikunja, mmeshasikia zile kelele ta ta ta saa mbili usiku mkadhani ni paka. Kenchi zinavutwa, zinavuta patisheni, kona inaachia.

Sasa weka hapo kalenda yetu. Sisi tulikuwa tunaziba Desemba. Desemba vuli imetoka kunyesha, mbao zimeshiba maji, ufa uko mwembamba kuliko kawaida yake. Fundi anajaza kale kanafasi kadogo, anapaka rangi, tunakula Krismasi. Wageni wanashuka mjini Januari, jua linaanza, mbao zinasinyaa, kona inafunguka. Na puti ni kitu kigumu, hakijui kuvutika. Kikivutwa kinakatika. Yule aliyechanganya saruji nyeupe alifanya kuwa kigumu zaidi ndiyo maana kilimeguka vipande. Yaani tulikuwa tunalipa kila mwaka, kwa ratiba, katika mwezi mbaya.

Hakuna aliyekula laki tisa. Ziliingia ukutani kweli, zikatoka.

Mzee alipanda Kibosho mwisho wa Oktoba. Mama alimwandalia ndizi nyama, wakaongea Kichaga kwa nusu saa kuhusu nani ni mtoto wa nani kabla hajagusa ukuta. Halafu akachukua kisu akachimba puti yote ya kona, zote tatu, ikatoka kama magamba. Akafungua kipande cha bodi karibu na ukuta wa tofali na kuniita nichungulie. Mwisho wa bodi haukuwa na mbao nyuma yake. Ilikuwa inaelea. Skrubu ya mwisho ilikuwa mbali kama shibiri moja na nusu kutoka kona, ukiisukuma bodi kwa kidole inakwenda na kurudi. Mzee hakusema neno baya juu ya aliyejenga, akatikisa kichwa tu akaniambia shika tochi.

Aliweka kipande cha mbao, kavu, aliibeba mwenyewe toka kwake, nyuma ya ule mwisho wa bodi, akapiga skrubu kila baada ya sentimita 20 hivi. Halafu kwenye kona ile ya jipsamu na tofali akafanya kitu kilichomshtua mama: aliacha nafasi. Milimita 5 hivi, kutoka juu mpaka chini, wazi kabisa. Mama akauliza, "Fundi, tumekuita uzibe au ufungue?" Mzee akajibu, "Mama, hawa wawili hawataki kushikana mikono, tuwape kamba." Akajaza ile nafasi na silikoni ya akriliki, ile inayokubali rangi. Hapo kuwa makini ukienda dukani, kuna silikoni ya kawaida ya masinki, ile ukipaka rangi juu inakataa, inabaki mstari unaong'aa kama konokono amepita. Ya akriliki ikikauka inabaki na ulaini, kona ikifunguka inavutika, ikifunga inajikunja.

Kona za jipsamu kwa jipsamu, pale boksi la TV linapoota kutoka kwenye patisheni, hizo pande zote mbili zina fremu moja kwa hiyo zinatembea pamoja. Hapo alitumia tepu ya karatasi. Tepu ya karatasi ina alama katikati ya kukunjia, inakaa konani kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Ile tepu ya wavu inayouzwa kila mahali ni nzuri kwenye maungio bapa ya dari, ila konani haipendi kukunjwa, inanyanyuka. Alipaka puti nyembamba, akalaza tepu ndani yake, akaikamua na skrepa, akaacha. Kesho yake tabaka la pili. Kesho kutwa la tatu, jembamba kuliko yote. Hapa ndipo mafundi wetu wa haraka wanapoanguka, wanajaza tabaka moja nene asubuhi wanapaka rangi jioni, na puti nene ikikauka inajipasua yenyewe hata bila kuvutwa na mtu. Kona ya nje ya boksi, ile inayogongwa na sofa na watoto wa binamu, aliivalisha kona ya chuma.

Juu darini alikata zile misumari zilizokuwa zinafunga patisheni na kenchi, akaishikiza patisheni pembeni kwa namna ambayo paa linaweza kupanda na kushuka bila kuibeba. Halafu mkanda wa jipsamu, ule wa urembo unaozunguka, akaugundisha upande wa dari peke yake. Upande wa ukutani haukugundishwa, umekaa karibu tu. Dari ikitembea, mkanda unatembea nayo, ukuta unabaki, hakuna kinachokatika.

Gharama yote, vifaa, siku tatu za mzee, nauli na rangi ya ukuta mmoja, haikufika laki mbili. Nililipa mimi. Bro sikumwambia.

Kabla sijaendelea, kwa wapangaji wenzangu, maana najua mtaniuliza. Kona ya jipsamu ikiwa na ufa usioongezeka urefu na unaoingia kadi mbili tatu, hiyo ni ya fundi kama huyu. Ukiona ufa umekata tofali zenyewe, umelala mshazari toka kona ya mlango au dirisha, umezidi milimita 5, milango imeanza kubana, hapo sio suala la puti wala silikoni, atafutwe mhandisi, na kama mwenye nyumba hataki kusikia, anza kutafuta chumba. Ukiona doa la kahawia linazunguka ufa, panda kwanza juu ukaangalie bati, jipsamu na maji haviishi pamoja. Na siku ya kuhamia piga picha kila kona ikiwa na tarehe, kabla hujaingiza hata godoro, maana siku ya kuhama ufa wa miaka mitano iliyopita utakuwa wa kwako na hela yako ya tahadhari ndiyo itauziba.

Turudi Kibosho. Bro alipanda tarehe 22 Desemba, na shemeji na watoto. Mama aliwapokea, akawakumbatia wajukuu, kwa bro akaitika shikamoo yake akaenda jikoni. Bro akasimama sebuleni akaangalia kona. Akapitisha kidole. Akaniuliza, "Dogo, hii mmeziba kwa hela gani? Mwaka huu sijatuma."

Sikuwa na hotuba. Nilimpa ile karatasi. Machi tatu, Mei moja, Julai moja, Agosti mbili, Oktoba mbili na nusu. Nikamuonyesha vistari vya penseli ambavyo mzee alivihifadhi kwenye kile kipande cha bodi alichokata, nilikitunza makusudi chini ya kitanda. Nikamweleza mbao, vuli, Februari, misumari ya kenchi. Bro ni mtu wa mahesabu kazini kwake, alisoma ile karatasi muda mrefu kuliko mzee. Akauliza swali moja tu, "Kwa hiyo kila mwaka mimi ndiyo nilikuwa nachagua Desemba?" Nikanyamaza. Hilo lilikuwa la kwake.

Mnaojua isale mnajua. Ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba. Kwetu mtu akikuletea jani la isale amekuja kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito sana, wazee wanasema hata damu ilisamehewa kwa jani hilo. Krismasi ilipita kimya kimya, chakula kingi maneno machache. Tarehe 26 asubuhi niliamka nikakuta bro anatoka upande wa mgombani, viatu vya Dar vimejaa tope, ana jani mkononi. Shemeji, yeye ni wa Mbeya, akaninong'oneza, "Anataka kupika nini na hilo?" Nikamwambia tulia shemeji.

Waliyoongea kule jikoni sikuyasikia na hata ningeyasikia nisingeyaandika hapa. Ila kwenye grupu la familia, mchana, bro aliandika sentensi mbili. Ya kwanza kwa mama. Ya pili: "Na dogo pia." Yule binamu akaandika tena "dah".

Februari hii ilipofika nilipanda na kadi zangu, mazoea. Kona ya tofali: silikoni imevutika, ukiweka jicho karibu unaona rangi imetanuka kidogo, ufa hakuna. Kona za boksi la TV hakuna kitu. Juu, chini ya ule mkanda, kuna kamstari ka kivuli kembamba, upande ambao haukugundishwa. Mama ananiita kila nikipanda. "Baba, ule si ufa ule?" Namwambia mama ule ni wa makusudi, ndiyo paa linapopumulia. Ananiitikia sawa, halafu nikigeuka naona anavuta kiti apande aukague tena.

Na namba ya fundi msiniombe kwenye komenti, mzee simu yake ni ya tochi na hapokei namba asizozijua. Nenda Majengo, uliza fundi wa jipsamu mzee, na ukiulizwa ufa wako unafunguka mwezi gani uwe na jibu.